Gauni la Kwaya la Wifi

Jumatatu, 4 Machi
Daftari, hujambo? Umeshakauka ile chai niliyokumwagia juzi? Mimi mzima, ila mgongo. Kwaya wameniletea vitambaa vya magauni kumi na manne. Nikapokea kwa furaha. Kisha nikasoma orodha — la kumi na nne ni la wifi, dada wa mume wangu. Amejiunga na sauti ya pili. Bwana asifiwe.

Jumatano, 6 Machi
Wifi amekuja kupimwa. Ni miaka sita tangu msiba wa mama mkwe, aliposimama mbele ya waombolezaji akasema nilikuwa namshindisha mama yake njaa. Mimi! Niliyemlisha uji kwa kijiko miezi kumi na mmoja! Nilishamsamehe, mchungaji ni shahidi. Nikampima. Kifua, inchi arobaini na mbili. Akasema nina mkono mwepesi. Nikasema asante, wifi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshona la wifi. Limetoka thelathini na tisa. Sikukata kitambaa — nimebana tu mishono, ziada yote imo ndani. Kubana si kukata. Nikasali, nikala, nikalala vizuri.

Jumapili, 10 Machi
Baada ya ibada wamejaribu magauni chumba cha nyuma. La wifi likakwama kwapani — mikono juu, kichwa ndani. Mwimbaji mwenzake akamtania: "Dada, umejiunga na kwaya au na jiko?" Wakacheka wote. Na mimi nikacheka. Tulimvua watu watatu. Kichwa kilipotoka, macho yalikuwa mekundu. Akaninong'oneza: pole wifi, nimekuharibia kazi, mwili wangu huu. Kaniomba radhi. Mimi!

Jumanne, 12 Machi
Mume wangu katoka kwa dada yake. Anasema tangu Jumapili hali chakula cha jioni, na mchana ni nusu tango, eti aenee kwenye gauni. Kanywea kabisa. Akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikasema sindano imenichoma. Nilikuwa naosha vyombo.

Wifi alinisingizia kwamba nashindisha watu njaa. Sasa ni kweli.

Alhamisi, 14 Machi
Asubuhi nimefumua, nimeshona upya. Arobaini na mbili kamili. Nikawaza nimkabidhi tu, niseme hongera wifi, umepungua. Angefurahi! Na mimi ningeonekana mwema. Nikapiga magoti kuomba ruhusa ya kusema hivyo. Sijapewa.

Kaja. Yuko chumbani kwangu anavaa, mimi niko huku kwenye cherehani naandika. Sasa anacheka, peke yake, kama msichana.

"Wifi! Limeingia! Njoo uone nilivyopungua!"

Hatua zake hizo. Bwana, nianze na neno gani? Nijibu upesi, nakuomba, kashashika kitasa.