Baba Wayua, Kito na Koti la Kijani

Mwaka umetimia, Baba Wayua, tangu Juni ile ya 1984 ulipotuacha. Hapa mtaani Mbotela kiti chako bado kiko mlangoni, na anayekikalia bado anafukuzwa.

Ulikuwa saisi, ukitunza farasi wa mashindano kwa miaka ishirini na miwili. Kila jioni ulirudi ukinuka nyasi kavu, na kabla hujauliza kama watoto wamekula, ulikuwa umeshatueleza yule farasi wako Kito ameshindaje. Nilipokuambia kwamba nina mke mwenza mwenye miguu minne, ulicheka, lakini hukukana.

Hatujasahau mwaka ule Kito alipochomwa jicho na jani kavu. Ulichukua dawa iliyobaki ya farasi mwingine, ukampaka siku tatu bila kumwambia mtu, ukidhani unamsaidia. Jicho likazidi kuwa jeupe. Daktari wa mifugo akasema kuvu imeingia jichoni, na kuna dawa iliyoipa nguvu. Akauliza, "Nani amempaka nini?" Masaisi wote wakatazama viatu vyao. Ulijua kazi inaweza kwenda, na nyumba pamoja nayo.

"Ni mimi, daktari. Nilikosea."

"Basi wewe ndiye utamtibu," akasema.

Wiki sita ulimtia matone kila baada ya saa mbili, ukahamia bandani kabisa. Jumapili nilikuletea muthokoi, mahindi yako ya kukobolewa na maharagwe, nikakukuta unamwimbia wimbo wa kanisa kwa Kikamba, naye amelaza kichwa begani kwako. Niliona wivu, nakiri. Jicho likapona, likabaki na doa kama punje ya mahindi. Upande ule hakutaka mtu mwingine amkaribie. Nasi nyumbani ukatukataza kabisa kuweka dawa iliyobaki.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja Shitanda, saisi mwenzako. "Mama Wayua, huyo farasi ametushinda, hataki mtu amkaribie. Hebu nipe kitu ya mzee wako Mulwa, yenye harufu yake."

Nikachukua koti lako la kijani, nikaenda naye. Shitanda akalivaa, akasimama upande wa lile doa. Kito akanusa sana, kisha akalaza kichwa begani kwake.

Kaburini sikulia, na watu wakasema yao. Siku hiyo pale bandani nililia. Koti sikurudi nalo. Mke mwenza naye ana haki yake.

Unakumbukwa na mkeo Kavutha, wanao Wayua, Maingi na Ndeti, dada yako Nthenya, Shitanda na masaisi wote. Hutatutoka moyoni, Mulwa wetu.