Mama na Vipeo vya Kumi

Mama,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa hapa hapa nyumbani, Lyamkena, kwenye meza uliyokuwa unasomea. Baba ameenda mazoezi ya kwaya. Ndiyo, Baba yule yule. Ulimbembeleza miaka yote akakataa, siku hizi anaimba besi.

Kuna habari ninayo tangu asubuhi na sina mtu wa kuielewa kama wewe. Matokeo ya kidato cha nne yametoka, na Mama Tula amefaulu kemia.

Humjui. Ni fundi cherehani karibu na stendi. Alijiunga na darasa la jioni la watu wazima, lile ulilosoma wewe, ambalo sasa mimi ndiye mwalimu wake wa kemia. Jioni moja aliisukuma kalkuleta pembeni, akaanza kukusanya vitu vyake. "Mwalimu, mimi basi. Kichwa changu kimeshakauka."

Swali lilikuwa la moli. Idadi ya molekuli za sukari, ugawe kwa namba ya Avogadro. Jibu ni 0.05. Yeye alipata namba yenye sifuri zaidi ya arobaini, na vijana wa nyuma wakacheka.

Nilikuona wewe, Mama.

Ulitolewa shule kidato cha tatu, mimi nikiwa tumboni. Nilipofika kidato cha nne, ukajiandikisha nawe kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana ulikuwa sokoni unauza sweta za mitumba, jioni tunagombania kalkuleta moja. Siku moja nawe ulipata namba hiyo ya ajabu. Nikajaribu, nikaipata hiyo hiyo. Nikasema labda kitabu kimekosea.

Ukaguna. "Kijiko kikubwa cha sukari, moli zote hizi? Hata dunia nzima haina!" Halafu ukaikodolea macho ile kalkuleta. "Hii haijalewa ulanzi, Anna. Sisi ndio hatujaiambia vizuri."

Tulikuwa tukiandika 3.01 mara kumi, kipeo cha 22, gawanya kwa 6.02 mara kumi, kipeo cha 23. Nayo ilifuata tulivyoiambia: iligawa kwa 6.02, kisha ikazidisha kwa lile rundo la makumi lililobaki. Ukajaribu kitufe kimoja baada ya kingine mpaka ukafika safu ya chini, kwenye kile chenye alama ya kuzidisha, kumi, na herufi ndogo ya x juu yake. Ukabonyeza 6.02, kitufe kile, 23. Namba ikashikana, ikawa kitu kimoja. Mimi nikaharibu, nikaandika kumi kabla ya kitufe. Ukanipiga kofi dogo mkononi: "Kumi imo humo humo, mwanangu. Ukiiandika tena unaiongeza."

Ikatoka 0.05. Ulipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza anaolewa nani.

Nashukuru uliyaona matokeo yako mwenyewe. Ulikuwa unajiandaa kwenda chuo cha maabara. Nguo zilikuwa zimeshakunjwa. Halafu huo moyo wako, ambao hatukujua kama unaumwa. Tulikukimbiza Njombe, na njiani ulikuwa unaniuliza kama nimekula. Kurudi... Mama, safari ya kurudi siwezi kuiandika hata leo.

Basi jioni ile nilivuta kiti nikakaa na Mama Tula. Nikamwambia, na vijana wakisikia, kwamba mtu wa kwanza niliyemwona akipata namba hiyo ya ajabu alikuwa mama yangu, na kwamba mama yangu alifaulu. Nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza polepole, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Lilipotoka jibu hakupiga kelele. Alifuta, akarudia. Akafuta, akarudia tena. Kisha akasema, "Kumbe si kichwa changu."

Leo asubuhi amekuja mbio hapa na futi kamba yake bado shingoni. Aliyemfungulia mlango ni Baba. Unakumbuka alivyokuwa anakuambia, "Umri huu unasoma ili iweje?" Leo ameshika mikono ya Mama Tula kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Hongera sana, mama. Usiishie hapa." Akageuka, akaingia chumbani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Hakutaja jina lako. Aliniomba chai tu, nami nikamwekea, tukanywa pamoja. Nadhani anakuomba radhi kwa namna anayoiweza.

Mama Tula anataka kwenda Njombe kusomea maabara. Anaogopa kukaa na mabinti wa rika la watoto wake. Nitampeleka mwenyewe, nimsindikize mpaka ndani.

Kwa heri, Mama yangu. Pumzika. Ninakulilia bado, ila siku hizi nalia huku naendelea na kazi. Darasa jipya linaanza wiki ijayo, na wanawake waliojiandikisha ni wengi kuliko viti tulivyonavyo. Nakuahidi, hakuna atakayerudishwa nyumbani. Viti nitatafuta.

Mwanao,
Anna