Siku Tulipouza Hisa za Mama

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo shikamoo, kisha nikatega sikio, kama vile ungeitikia kutoka chumbani.

Ukungu umeshuka tangu alfajiri. Migomba ya karibu na baraza naiona, ya nyuma yake imekuwa vivuli, na huko chini ulikolala ni weupe mtupu. Nimekaa kwenye kiti chako, karatasi ya grafu iko mapajani. Ndiyo, bado naichora. Kila jioni naweka nukta ya bei ya hisa, kama ulivyokuwa ukifanya tangu ulipostaafu ualimu. Halafu mstari mwekundu, wastani wa siku chache. Halafu wa bluu, wastani wa siku nyingi. Kaka Godlisten ananicheka kutoka Dar, anasema siku hizi simu inachora yenyewe, unagusa tu. Najua. Lakini simu haichongi penseli kwa kisu, wala haipulizi unga wake kabla ya kuanza.

Wakati mwingine sijui kama nakumbuka au naota. Nakuona umeinama hapa, miwani imeshuka puani, unanionyesha pale mistari inapokaribiana. "Aichi, bei ya leo inapiga kelele. Wastani unakumbuka. Wewe msikilize anayekumbuka." Mwekundu ukiuvuka wa bluu kwenda juu, tunanunua. Ukiuvuka kwenda chini, tunauza. Isipovukana, tunakunywa chai. Niliipenda sana hiyo ya chai.

Mwekundu ulivuka kwenda chini wakati wewe uko hoi pale hospitali ya Mawenzi, na hakuna kati yetu aliyekuwa na akili ya grafu. Wewe ndiye uliyeuliza, sauti imebaki kama pumzi tu. Nikakuambia umeshuka, na bado unashuka. Ukafumba macho nikadhani umelala. Kisha ukasema, "Basi tumeshachelewa, hisa za Mama yako msiziuze sasa. Msubiri zipande, ndipo mumtibu macho." Baada ya hapo sikukuelewa tena.

Tukakuzika. Tukasubiri.

Baba, nilisubiri kwa utii kabisa. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba macho yote mawili ya Mama, lakini wewe unamjua, hasemi. Alitembea kihambani, shambani petu hapa nyumbani, kwa kupapasa migomba, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesalimia watu. Ugonjwa wako ulikuwa umemaliza akiba, zilibaki zile hisa ulizoandikisha kwa jina lake. Kisha mwekundu ukaacha kushuka. Ukalala. Ukaanza kuinuka, taratibu, unaufuata wa bluu. Nikampigia kaka, akafurahi mpaka akapaza sauti. "Usiguse kitu, mdogo wangu! Hapo ndipo Baba angesubiri." Ni kweli, hapo ndipo ungesubiri.

Wiki hiyohiyo kahawa ikaiva. Mama akachukua kikapu chake akaenda kuchuma, maana nani wa kumzuia. Aliporudi alikimimina kikapu kwenye turubai, na mimi nikainama nichambue. Nikaona mbivu na mbichi, Baba. Kijani tele. Mama, ambaye alikuwa akitupiga vidole tukichuma hata punje moja ya kijani! Alisimama pale juu yangu akitabasamu, akaniuliza, "Zimekuwa nzuri mwaka huu, ee?"

Nikamjibu, "Nzuri sana, Mama."

Kisha nikaingia ndani nikalia kwenye kanga. Nilipotoka sikuitazama grafu. Nilimwambia Mama avae nguo ya kanisani, kesho tunashuka Moshi.

Katika ofisi ya wakala wa hisa, yule dada alitutazama kwa huruma. "Mngevumilia kidogo. Zinaonyesha dalili ya kupanda." Nikamwambia ninazijua dalili zake, nimezichora mwenyewe. Nikaushika mkono wa Mama nikauweka mahali pa kusaini. Akaandika jina lake polepole, lote, pamoja na jina lako mwishoni. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yako angekubali?" Nilisema tu, "Mama, mimi nimekubali."

Mwekundu ulivuka kabla hata bandeji za upasuaji hazijatoka machoni pa Mama. Ukapanda, Baba, ukapanda kama ulivyosema. Kaka alipopiga simu aliuliza tu Mama anaendeleaje. Nami usiku nilichora ule mstari hadi mwisho, sikuruka nukta. Ulikuwa sahihi, Baba. Na ningeuza tena siku ileile.

Bandeji zilipotoka, Mama aliangalia viganja vyake kwanza, mbele na nyuma. Halafu akanitazama mimi. "Aichi, mbona umekonda hivi?" Njia nzima ya kurudi nyumbani Mwika alikuwa akisoma vibao vya maduka kwa sauti.

Jioni ile akaniomba nimpeleke kwako. Akasimama mbele ya msalaba wa saruji, akasoma jina lako, akakasirika. "Mwalimu wa hesabu, halafu wanamwandika kombo namna hii!" Tukacheka, Baba, tukacheka mpaka tukashikana. Kisha akaacha kucheka. Siku ya mazishi yeye aligusa mbao za jeneza tu, na nyimbo alizisikia, na watu wakamwongoza kurudi nyumbani. Sasa akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila herufi huku akiitazama. Akasema kwa Kichagga, polepole, kwamba sasa ameamini. Ndipo akakulilia. Sikuwahi kumwona akikulilia kabla ya hapo.

Nilikaa kando yake mpaka akamaliza. Alipoinuka alikuwa mwepesi, akatangulia mwenyewe kurudi nyumbani, mikono yake imetulia ubavuni, na mimi nikimfuata.

Lala, Baba. Nitaendelea kusubiri panapostahili kusubiriwa, kama ulivyonifundisha. Kwingineko nitaamua mwenyewe, na nitakuja kukueleza.

Binti yako,
Aichi