Hotuba ya Vyoo Kwenye Mahafali Yangu

Wewe, uko wapi? Shika simu! Nimejificha nyuma ya hema na joho langu, sijui nicheke au nilie.

Mgeni rasmi wa mahafali yetu ni yule bosi niliyefanya mafunzo ya kazi ofisini kwake. Ndiyo, yeye. Yule aliyekuwa akiniita "wewe wa chai".

Unaikumbuka ile hotuba niliyomwandikia ya kufungua vyoo vya soko?

AMEISOMA LEO. Yote! Mheshimiwa kafuta "vyoo" kaweka "elimu", basi. Kajitahidi, maskini.

"Ndugu wahitimu, elimu hii ni ya umma. Ukimaliza kuitumia, mwenzako aikute safi."

Aikute SAFI, mwenzangu!

"Na usikae ndani muda mrefu, nje kuna foleni." Miaka minne yangu hiyo. Mkuu wa chuo naye anaitikia kwa kichwa, eti hekima.

Halafu kasoma mpaka maelekezo niliyomwekea pembeni: "Hapa nyamaza kidogo, subiri makofi." Kwa sauti! Na makofi yakapigwa! Baba yangu kasimama kabisa, machozi yanamtoka.

Mama akanivuta nikapige picha na mgeni rasmi. Nikajua sasa atanitambua, ataona haya. Thubutu! Kanishika bega, kaniambia kwa upole wote:

"Binti, kaza buti. Ipo siku na wewe utaandika maneno kama haya."

Na mimi nikasema asante. ASANTE, mwenzangu! Nikainamisha na kichwa.