Piza ya Fundi Lipu

Jumatatu, 3 Machi
Mdomo umeniponza. Binti yangu kauliza kwenye simu Jumapili tutafanya nini. Mara ya mwisho alipokuja tuliangalia taarifa ya habari, mimi na yeye, kimya. Nikajibu tutapika piza. Na unga nitakanda mwenyewe! Akacheka kwa adabu, kama mgeni. Halafu mama yake akachukua simu: mtoto ana miaka kumi na miwili sasa, akichoka kuja kwangu hatamlazimisha. Sawa. Ila baba yake wa kambo ni mwoka mikate, ana duka lake. Kati ya vyakula vyote duniani, mimi nimechagua unga.

Jumatano, 5 Machi
Dada yangu kanisomea mapishi. Unga wa ngano, hamira, chumvi, mafuta, maji vuguvugu. Nikamwambia asinifundishe kuchanganya — miaka ishirini na mbili napiga lipu, vipimo vyangu viko machoni. Akasema haya, fundi. Nimechanganya. Nimeshindilia mpaka bega linauma. Baada ya saa mbili donge liko vilevile, zito, limenyooka. Ningeweza kuzibia nalo ufa.

Alhamisi, 6 Machi
Tena. Maji ya moto zaidi, ili hamira ichangamke. Dada anasema nimeiua.

Jumamosi, 8 Machi
Leo limeumuka! Nimefunua kitambaa: limejaa bakuli, laini, lina mapovu. Nikashtuka. Kazini kwetu kitu kikivimba ni aibu — mwenye nyumba anakuita, anagonga ukuta kwa ngumi, unabomoa na kuanza upya. Mkono haukuniuliza. Nimetoboa kila povu, nimekamua hewa yote, nimesawazisha kwa ubao. Nimepima hata kwa pima maji: sawasawa kabisa. Nikaoka. Dada kaja kuonja, kaweka kipande chini taratibu, kaomba maji ya kunywa.

"Kaka," akasema, "nusu ya kazi ni kuuacha. Uuache tu."

Eti kuacha. Mama wa mtoto angesikia, angesema hiyo ndiyo nusu ninayoiweza.

Jumapili, 9 Machi
Binti kaja. Kavua viatu bila kuambiwa, kaketi ukingoni mwa kiti. Nimekanda mbele yake, nimefunika, nimejifukuza jikoni. Naandika hapa sebuleni, mkono mmoja nimeukalia usije ukaenda kugusa.

Saa nzima imepita. Tumefunua pamoja — halijaumuka hata kidogo. Aibu imenipanda mpaka masikioni. Nikasema twende tukanunue iliyo tayari. Akakataa, akatoa simu.

"Ngoja nimuulize baba."

Halafu akaniangalia. Neno limeshatoka, halirudi. Nikamwambia muulize, yule bwana anajua kazi yake. Nilisema vizuri tu. Imeniuma.

Sasa yuko jikoni, mimi nimerudi hapa. Simu kaiweka kwenye spika. Bwana anauliza maji yalikuwa ya moto kiasi gani. Anauliza kama dirisha liko wazi. Liko wazi, mimi nililifungua, kwetu lipu hukauka kwa upepo. Namsikia binti analifunga. Bwana anasema basi, atapita kumchukua saa kumi kama kawaida.

"Saa kumi donge litakuwa bado halijawa tayari," binti anamjibu. "Njoo saa moja. Au nitakupigia."

Kakata simu. Ananiita. Hajasema baba, hajasema jina lolote. Anauliza tu kama nina blanketi, maana donge linasikia baridi —