Kibanio Chekundu

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, isipokuwa masikio, ambayo sasa yamekataa simu kabisa. Barua huchukua siku sita saba, lakini walau husikika yote.

Mpima mizani wa chama cha wavuvi ameniandikia kwamba mwezi ujao, tarehe kumi na mbili, mtafanya mashindano ya kumkumbuka baba yako, na wewe utaongoza kwa mashua yake. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Niache nieleze.

Baba yako, mdogo wangu, alivua kwa ndoana miaka thelathini, na samaki wa mashindano hakula hata mmoja. Huwekwa hai katika tangi la mashua, hupimwa, hurudishwa ziwani. Akifa mmoja, alama zinapungua. Majirani walimcheka: "Mvuvi gani huyu anayenunua samaki sokoni?" Naye, waliyemwita Kimya kwa sababu hata akipiga chafya aliwaomba samaki radhi, alijibu: "Mimi nawaazima tu." Nilimwona mara nyingi akimshikilia samaki majini kwa viganja viwili. Hakumwachia, alingoja samaki aondoke mwenyewe.

Sasa mashua. Ikikaa bandani mwaka mzima mipira hukauka, mafuta huganda, nyaya hutafunwa na panya. Nakusihi, azima nyingine. Usiniulize sana.

Baba yako mkubwa

11 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Habari za huko, na mgongo je? Mimi mzima, kikohozi kimekwenda zake.

Barua nimeisoma mara mbili. Mipira, mafuta, panya, mwalimu ni mwalimu tu! Lakini unachokiogopa hukukitaja. Fundi ameshakagua injini. Nimemkataza kugusa usukani na swichi. Pale pabaki kama baba alivyopaacha. Kitu kimoja tu nitabadilisha: ile kamba ya kuzimia injini. Unaijua. Huku imefungwa kwenye mkanda wa dereva, huku ina kibanio chekundu kilichobana kitufe cha injini. Dereva akitupwa majini, kamba inavuta, kibanio kinachomoka, injini inazima. Ya baba ilikatika. Walimtoa majini na nusu ya kamba mkandani, na mashua ilikuwa imezunguka juu yake mpaka mafuta yakaisha. Chama kilisema kamba ilichakaa. Nimenunua mpya, nene.

Kuna linalonitisha kuliko mashua. Siku ya mazishi ulisimama ukasema, "Kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakatulia, nami nikatulia. Lakini tangu siku ile siwezi kusali. Nikifumba macho namwona Mungu ameishika kamba ile, anaichakaza uzi kwa uzi, na baba amekaa hapo hapo anafunga ndoana zake, hana habari. Namwogopa, Baba Mkubwa. Nifanyeje?

Mwanao

18 Machi

Mwanangu,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi afya ipo, ila swali lako limeninyima chakula.

Wazee wetu walitofautisha kumcha Mungu na kumwogopa. Anayemcha huitazama mikono yake mwenyewe. Anayemwogopa huitazama mikono ya Mungu, kama mtoto anayengoja kofi. Nimelifundisha hili miaka mingi, na wanafunzi waliliandika vizuri sana kwenye mtihani.

Usimwogope. Mungu hakuichakaza kamba ile. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Nimejaribu kukuandikia nimelijuaje. Nimechana karatasi tatu. Kwa leo nishikie neno hili tu: usipande mashua ile. Nikipiga goti mimi nami maneno hayavuki dari.

Baba yako mkubwa

26 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Hujambo kweli? Mwalimu anachana karatasi tatu? Mimi mzima, tena leo nina furaha, na nataka nikutulize.

Nilikuwa nafuta vumbi kwenye usukani. Kibanio chekundu bado kipo, kimebana kitufe chake. Nilipopitisha kidole nikahisi mshipi wa ndoana, mwembamba kama unywele, hauonekani kwa macho, umezungushwa mara nyingi kukishikilia, na fundo lake lina tone la gundi kavu. Mkono wa baba! Sijui alikuwa na maana gani, lakini nililia, nikakibusu. Sitalifungua. Kamba mpya nimeiunga palepale kwenye kibanio chake, kwa hiyo nikiwa katikati ya ziwa nitakuwa nimeshikwa na fundo alilolifunga yeye.

Sasa siogopi hata kidogo. Nawe usiogope.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Barua yako imefika asubuhi hii. Nimemwomba jirani akutumie ujumbe kwenye simu: usiwashe injini, kata fundo. Ametuma mara tatu. Hujajibu. Barua hii nampa dereva wa basi akupe mkononi, maana sababu yenyewe haiwezi kupita kwenye kidole cha jirani.

Fundo hilo si la baba yako. Mvuvi huulowesha mshipi kwa mate kabla ya kukaza fundo, kwa sababu ukikazwa mkavu huungua na kudhoofika. Mdogo wangu asingetia gundi hata siku moja. Gundi ni ya mtu anayekaa na vitabu vilivyochanika akivishona. Gundi ni yangu.

Siku mbili kabla ya mashindano yale aliyofia baba yako, nilikuja huko nikaazima mashua niwatembeze walimu wenzangu wastaafu. Kila niliposimama kuwaonyesha ndege, kamba ilivuta kibanio, injini ikazima, nao wakacheka: "Mwalimu, darasani umeme umekatika!" Mara ya tatu nikaona aibu. Nilichukua mshipi kwenye sanduku la baba yako, nikakifunga kibanio kisichomoke tena, nikatia gundi ambayo haikosi mfukoni mwangu. Nilijiona hodari. Tuliporudi, nilisahau kufungua. Nimefundisha watu kueleza mambo maisha yangu yote, na hapa sina cha kueleza: nilisahau.

Baba yako alijifunga kamba mkandani kama siku zote. Alipotupwa, kamba ilivuta, kibanio kikakataa, ndipo kamba ikakatika. Haikuchakaa. Nilijua pale pale nilipoambiwa habari ya ile nusu. Kisha nikasimama kaburini nikamsingizia Mungu. Ukaniamini, ukamwogopa yeye badala yangu.

Nilikaa kimya mwaka mzima kwa kuogopa kukukosa. Leo naogopa kukukosa kwa namna nyingine, na hofu ile ya kwanza naiona mchezo wa watoto. Likate fundo. Kisha nichukie, mradi uwe hai.

Baba yako mkubwa

15 Aprili

Mwanangu,

Siku tatu zimepita tangu mashindano. Dereva wa basi anasema barua alimpa msichana gatini, lakini nikimuuliza msichana gani, anasema, "Mzee, wasichana ni wengi." Simu yako, jirani anasema, inaita tu. Nimemwandikia mpima mizani, hajajibu. Sauti ya mlango ndiyo pekee ninayoisikia siku hizi, na kila ukigongwa nahesabu mpaka kumi kabla ya kufungua.

Andika mstari mmoja. Andika tusi. Kama hupo, ni nani anayeifungua barua hii?

Baba yako mkubwa

24 Aprili

Baba Mkubwa,

Mimi mzima.

Dereva alinikuta gatini tarehe tatu. Nilikuwa naenda kuijaribu mashua, injini inanguruma, kamba iko mkandani, na simu, tangu jana yake, iko ndani ya sanduku la baba nisiisikie. Niliisoma barua yako nimesimama, mguu mmoja gatini na mwingine mashuani. Nikazima kwa ufunguo, nikalikata fundo kwa mkasi wake.

Kisha nikawasha tena, nikaivuta kamba kwa mkono. Kibanio kikachomoka, injini ikazima. Nikarudia. Washa, vuta, kimya. Washa, vuta, kimya. Sijui mara ngapi. Watu wa gati walidhani injini ni mbovu. Kila ukimya ulipokuja nilijua ndio ambao baba alikuwa akiungoja kule majini.

Tarehe kumi na mbili nilikwenda. Tangu gatini mpaka mwisho mkono mmoja haukuiacha kamba, lakini nilikwenda. Nilipata samaki wawili, wote wakapimwa hai. Yule mdogo nilimshikilia majini mpaka akaondoka mwenyewe.

Jumapili nilisali. Sikuomba kitu. Nilimtaka Mungu radhi kwa yale niliyomdhania mwaka mzima, na hofu yake ikanitoka. Imehamia kwako. Naogopa siku tutakayoonana, kwa sababu sijui kinywa changu kitasema nini, na maneno yakishatoka hayarudi bandani.

Utaona sijakuamkia. Sikusahau. Nimeianza barua hii mara nne, na kila mara neno lile limegoma kwenye kalamu. Shikamoo yako bado ninayo. Siku itakapokubali, nitaileta mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Usiifuate.

Binti wa mdogo wako