Ugomvi Wako na Mzee wa Lugoba

Maalim,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utanirudisha mlangoni hata huko uliko.

Situlii tangu watu wa maktaba ya chuo walipokuja kuzichukua karatasi zako. Mkeo, Bi Zuhura, kwa heshima ya wageni alikuwa amezipiga pasi. Zote! Kijana aliyevaa glavu akauliza zimetunzwaje hata zikanyooka hivi. Bi Zuhura akamjibu, "Kwa moto mdogo, mwanangu."

Kasheshe ilianza kwenye barua. Wewe hukuweka nakala. Ulichoandika kilikwenda Lugoba kwa mshairi mwenzako, Mzee Kibwana. Sandukuni mna majibu yake tu. Miaka yote mmetukanana kwa beti, na hapa Bagamoyo tumebaki na matusi ya upande mmoja. Dada wa maktaba akasoma ile anayosema mashairi yako yanachechemea kama meza ya mguu mfupi, akasema, "Maskini, mzee wenu alionewa."

Kuonewa! Wewe! Mimi niliyekusomea barua hizo macho yako yalipochoka, ukicheka mpaka kofia inadondoka? Sanduku likiondoka hivyo, utakaa huko chuoni umeshindwa milele.

Nikawaomba wasubiri mpaka Jumatatu, nikapanda pikipiki kwenda Lugoba kuziomba barua zako. Njiani, pale Kiwangwa, nikanunua mananasi ya kumlainisha. Mzee Kibwana akapokea mananasi, barua akakatalia.

"Mimi ndiye niliyeandika mwisho. Hajajibu. Mnafungaje sanduku na zamu ni yake?"

Nikamwambia taratibu: mzee, Maalim ametutoka, na mazikoni ulikuwepo, ukashika chepe.

"Nilishika," akasema. "Hicho si kisingizio."

Hata hivyo akazitoa barua zako, zimefungwa kwenye kanga kuukuu, akanitaka nimsomee moja. Ile unayosema sauti yake ni ya mbuzi aliyemeza kengele. Akacheka sana. Halafu akaifunga kanga mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Nikiwapa hizi, kijana, basi amekufa kweli."

Nilirudi mikono mitupu. Tangu hapo nafungua injini za watu na kusahau nilikuwa natafuta nini. Bi Zuhura ananiambia, "Saidi, kaa chini, unanitia kizunguzungu." Siwezi.

Leo nimeandika jibu kwa niaba yako. Ubeti wa tatu vina vimenishinda, nimeuacha ulivyo. Mzee Kibwana akiuona atachemka, na akichemka ataandika. Watu wa maktaba nimewaambia sanduku haliondoki. Wakauliza kwa nini. Nikasema barua hizi bado zinatumika.

Pumzika, Maalim, lakini usilale sana. Zamu yako nitaishika mimi, vibaya vibaya hivyo hivyo. Na siku Mzee Kibwana atakapokufuata, nitakwenda Lugoba kuifungua ile kanga, niwaweke nyote wawili sanduku moja, mkatukanane vizuri.

Mwanafunzi wako,
Saidi fundi pikipiki